Mtutu wa Inchi Kumi na Nne

Barua ilikuwa juu ya meza ya Nehemiah, imeshapigwa muhuri, na Metrine asingeiona kama asingeingia pale kutafuta ufunguo wa kabati la mafuta. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza upande wa kushoto. Ilisema kwamba bunduki sita zilizouzwa kwa kituo cha kuzalishia vipanga nje ya Jeddah zilikaguliwa na fundi wa duka mwezi wa Agosti na hazikuwa na kasoro; kwamba kifo cha kipanga jike wiki iliyopita kilitokana na uzembe wa mlinzi, Jeremiah Kiptui; na kwamba duka halihusiki kwa vyovyote. Nyuma yake ilikuwa imebanwa nakala ya karatasi ya majaribio. Sahihi iliyokuwa chini ya karatasi hiyo ilikuwa ya Metrine.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Mara ya pili aliiweka barua mezani asije akaichana.

Nehemiah aliingia na chai yake mkononi. Alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa manunuzi, mwaka wa sita sasa katika duka lile la silaha za kuwindia mtaa wa Malaz, Riyadh. Alimwona amesimama pale, akaitazama barua, akajua.

"Hiyo inaenda mchana, bosi akitoka kuswali," alisema.

"Nani amekuambia Jeremiah ni mzembe?"

"Metrine, risasi ilitoka kwa bunduki yake ikaua ndege wa watu. Sasa unataka niandike ni nani alizembea? Mimi?"

"Ndiyo. Wewe. Na mimi."

Nehemiah alifunga mlango taratibu.

Ili mtu aelewe hasira ya Metrine siku ile, lazima arudi nyuma hadi mwezi wa Juni, agizo lilipoingia. Kituo kilitaka bunduki ndogo za kuulia mbweha na kunguru, maadui wakubwa wa kazi ile, maana mbweha hufukua chini ya uzio na kunguru huiba mayai. Sharti lilikuwa moja tu, nalo liliandikwa kwa wino mwekundu na daktari wa mifugo wa kituo: risasi zote ziwe za shaba tupu. Mzoga wa kunguru ukidondoka karibu na vipanga na kipanga akaudonoa, chembe ya madini ya risasi humuua polepole. Nehemiah alicheka sana siku ile. "Wanataka risasi isiyo na risasi," alisema, na kila mtu dukani akacheka naye.

Metrine hakucheka kwa sababu kichwa chake kilishaanza kufanya kazi. Alikuwa ametumikia miaka tisa katika ghala la silaha la hifadhi moja Laikipia, na kitu hiki alikijua kama anavyojua njia ya kwao Bungoma. Mtutu wa bunduki si bomba laini. Ndani yake imechongwa mifereji inayojisokota, na mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi iende pua mbele, imenyooka. Mtutu ambao mfereji wake humaliza mzunguko mmoja ndani ya inchi nane huizungusha risasi kwa kasi kuliko ule unaochukua inchi kumi na nne. Risasi fupi hutosheka na mzunguko wa polepole. Ndefu haitosheki. Huyumba, kisha hugeuka ubavu, na ikishageuka ubavu hakuna mlenga shabaha anayejua itakwenda wapi. Na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo risasi ya shaba yenye uzito uleule ni lazima iwe ndefu zaidi.

Kwa hiyo aliandika kwenye fomu ya agizo: mtutu wa msokoto wa inchi nane, usizidi tisa. Alipigia mstari.

Mitutu iliyokuja ilikuwa ya inchi kumi na nne. Muuzaji alikuwa nayo tayari, ya inchi nane ingechukua wiki kumi, na Nehemiah aliangalia jedwali ukutani na kuona kwamba kwa uzito ule inchi kumi na nne zinatosha. "Uzito ni ule ule," alimwambia. Metrine akamjibu kuwa jedwali lile ni la risasi za kawaida, kwamba kinachohesabiwa ni urefu, si uzito. Walibishana siku mbili. Mwishowe walikwenda uwanja wa shabaha nje ya mji, saa sita mchana, mwezi wa Agosti, joto nyuzi arobaini na tano, wakapiga. Risasi zilikwenda pale zilipotumwa. Lakini matundu kwenye karatasi hayakuwa ya duara kamili. Yalikuwa yamerefuka, kidogo sana, kama mtu aliyeyavuta kwa kucha.

"Hazijatulia hizi," Metrine alisema.

"Tundu ni tundu," alisema Nehemiah. Gari la mizigo lilikuwa linangoja. Bosi alipiga simu mara tatu. Metrine akatia sahihi.

Hapo ndipo palipomkereketa. Angekuwa hakujua, angejisamehe.

Bosi, Abu Nayif, alirudi kutoka msikitini na kuwakuta wawili hao wamesimama mbele ya meza yake bila kutazamana. Alisikiliza huku akiitazama simu yake.

"Metrine, bunduki ilipita majaribio au haikupita?"

"Ilipita hapa, bosi. Huko haiwezi kupita."

"Bunduki ni bunduki. Haijui kama iko Riyadh au Jeddah."

"Inajua, bosi. Nitakuonyesha."

Abu Nayif hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na maneno. Aliizuia barua. Aliwaambia waende Jeddah wote wawili, na Alhamisi awe na karatasi mezani, yoyote, mradi imesainiwa na kituo. "Halas," alisema, na hiyo ilimaanisha watoke.

Katika ndege Nehemiah alijaribu kuongea. Alisema mambo kama haya humalizwa kimyakimya, kwamba wao ni watu wa nyumbani na hawafai kuumizana ugenini. Metrine alimuuliza Jeremiah naye ni mtu wa wapi. Nehemiah alivaa vipokea sauti masikioni hadi ndege ilipotua.

Daktari wa kituo, Zeinab, alikuwa Mzanzibari wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliwapokea getini bila kuwapa mkono. Aliwapeleka moja kwa moja hadi chumba cha mwisho katika safu ya vyumba vya kuzalishia. Kulikuwa na tundu katika ukuta wa mabati. Halikuwa la duara. Lilikuwa refu, kama alama ya kidole gumba kilicholazwa.

"Huyu ndege nilimlea kwa mkono wangu miaka sita," alisema Zeinab. "Alikuwa na mayai matatu. Mie sikukwiteni kuja kunywa kahawa hapa. Nataka mnambie. Mbweha alikuwa kule." Alionyesha kingo ya udongo iliyojengwa makusudi ya kupokea risasi, hatua tano kando ya vyumba. "Jeremiah alipiga kule. Sasa risasi imefikaje huku?"

"Mlinzi anasemaje?" aliuliza Metrine.

"Anasema alilenga mbweha. Wenzake wanamcheka. Mkurugenzi amemwandikia huruji, anaondoka nchini Ijumaa, harudi tena. Na karatasi yake ya kazi imeandikwa mzembe. Mtu aliyefanya kazi miaka saba bila kosa." Alimgeukia Metrine. "Weye ndiye fundi? Uliyetia sahihi?"

"Ndimi."

Zeinab alimtazama kwa muda, na katika macho yale Metrine aliona hasira inayolingana na yake. Ilimpa nafuu ya ajabu, kama mtu aliyepata mwenzake safarini.

"Kesho alfajiri nipe bunduki ileile, risasi zilezile na hiyo kingo," alisema Metrine. "Alfajiri, si mchana."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipimajoto cha kituo kilisoma nyuzi kumi na sita. Ndege wa vyumba vya karibu walikuwa wamehamishwa. Metrine alibandika karatasi kubwa nyeupe kwenye ubao mbele ya kingo, akarudi hatua mia na hamsini, akalaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kupiga mara tano, polepole, akipumua kati ya risasi na risasi. Kisha wote watatu walitembea hadi kwenye ubao.

Matundu yalikuwa matatu. Moja lilikuwa karibu na katikati, la pili pembeni juu, la tatu liling'ata ukingo wa karatasi. Yote yalikuwa marefu, umbo kamili la risasi iliyolala ubavu; ungeweza hata kuona upande gani pua ilikuwa imeelekea. Risasi ya nne waliikuta kwenye udongo mwendo wa hatua mbili kutoka kwenye ubao. Ya tano hawakuiona.

"Labda ni mkono wako," alisema Nehemiah.

"Basi piga wewe."

Hakuichukua bunduki. Metrine alitoa mfukoni risasi tano fupi za kawaida alizokuja nazo, akamwomba Zeinab ruhusa, akaahidi kuzifukua zote. Akabandika karatasi mpya, akarudi, akapiga. Matundu matano ya duara yalikaa pamoja, yangefunikwa na kiganja. Bunduki ileile, mkono uleule, dakika kumi baadaye.

Zeinab aliinama, akagusa karatasi ya kwanza, kisha ya pili.

Ndipo Metrine akafungua bunduki. Alichukua ufito wa kusafishia, akafunga kitambaa kikabana mwishoni, akautia alama ya kalamu ubavuni na kuusukuma ndani ya mtutu. Ufito ulijizungusha wenyewe ukifuata mifereji. Alama ilipozunguka ikarudi pale ilipoanzia, alimwomba Zeinab apime ni urefu gani wa ufito umeingia.

"Sentimita thelathini na tano na nusu," alisoma Zeinab.

"Inchi kumi na nne. Mimi niliagiza nane. Sentimita ishirini."

"Lakini Riyadh zilipita," alisema Nehemiah. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Sema ukweli wote basi. Zilipita, na sahihi ni yako."

"Ninausema. Riyadh iko juu, mita mia sita. Na ilikuwa mchana wa Agosti. Hewa ya joto na ya juu ni nyepesi, haiisukumi risasi sana, kwa hiyo ilikuwa inajishikilia kwa shida, lakini ilijishikilia. Hapa tuko karibu na usawa wa bahari, asubuhi ya Januari. Hewa ni nzito zaidi. Ile nguvu kidogo iliyokuwa imebaki imekwisha." Alimgeukia daktari. "Mbweha huja saa ngapi?"

"Saa hizi hizi. Alfajiri."

"Basi kila alfajiri ya baridi, Jeremiah alikuwa anapiga risasi asiyojua inakwenda wapi."

Zeinab alikunja tepu ya kupimia, polepole. "Na weye, huko Riyadh, ulijua?"

Metrine alikuwa amelingoja swali hilo tangu Malaz. "Matundu hayakuwa ya duara. Nilishuku. Nikasema. Kisha nikatia sahihi."

"Ulisema kwa nani?"

Nehemiah alikuwa anatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Zeinab akaitikia kwa kichwa mara moja, akatoa daftari na kuanza kuandika. Aliandika muda mrefu, na kila alipofika kwenye jina aliuliza namna ya kuliandika.

Mchana Zeinab alimpeleka Metrine mtaa wa Kandara, mjini Jeddah, kwa gari lake. Nehemiah aliachwa hotelini. Hakuna aliyemwomba aje. Jeremiah alikuwa amehamia kwenye nyumba ya kulala wageni jirani na stendi ya zamani ya mabasi, chumba cha vitanda sita kilichonuka dawa ya mende, akingoja Ijumaa. Alikuwa mtu wa Baringo, mkavu, mwenye mvi kwenye masharubu. Begi lake lilikuwa limeshafungwa na kamba. Aliwapisha wakae kitandani, yeye akabaki amesimama.

Metrine alimweleza yote, bila kupunguza. Mtutu, shaba, hewa, sahihi. Jeremiah alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilikuandikia," alisema.

"Uliandika lini?"

Alitoa simu, akapekua, akamnyooshea. Ilikuwa namba ya karakana, ile ambayo Metrine mwenyewe huijibu. Tarehe ilikuwa ya mwishoni mwa Novemba. *Habari fundi. Hii bunduki asubuhi baridi inatupa risasi kando. Mchana iko sawa. Shida ni nini.* Chini yake jibu, dakika nne baadaye: *Safisha mtutu.*

Metrine aliusoma ujumbe ule. Alikumbuka. Alikuwa na mafuta mikononi, mteja dirishani, na aliandika kwa kidole kimoja. Mtu alikuwa amemweleza ugonjwa wote kwa mistari mitatu, baridi na mchana, yote, naye alijua jibu, na hakusimama hata dakika moja kulifikiri. Kwa siku nne alikuwa amembebea Nehemiah hasira kama mzigo wa kichwani, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Nilisafisha," alisema Jeremiah. "Kila jioni. Mpaka wakanicheka kuhusu hilo pia. Walisema mzee anapiga mswaki bunduki."

"Ni kosa langu," alisema Metrine.

"Najua ni lako." Hakupandisha sauti. "Nimekuwa na bunduki tangu nikiwa na miaka ishirini, dada. Nilikuwa polisi wa akiba kwetu. Huku nilianza kujiuliza kama macho yangu yameisha. Nilikwenda kwa daktari wa macho pale Baghdadiyah. Nilikuwa naamka naangalia mikono yangu kama inatetemeka. Wewe ulikuwa na jibu huko Riyadh, ukaninyima."

Zeinab alitoa daftari lake.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza Metrine.

"Ile karatasi iliyoandikwa mzembe itolewe. Iandikwe nyingine kwa Kiarabu, useme ni mtutu, useme ni nani aliyeupitisha. Halafu uje useme kwa mdomo wako mbele ya wale walinzi. Wote."

Alifanya hivyo jioni ileile, saa ya kubadilishana zamu. Walinzi kumi na moja walisimama kwenye kivuli cha ghala la chakula, Wakenya, Waganda, Wasudani wawili, na Metrine akawaonyesha karatasi mbili za shabaha na kuwaambia kwamba Jeremiah hakukosea, kwamba bunduki ilitoka mkononi mwake ikiwa na mtutu usioifaa risasi ile, na kwamba Jeremiah alimwonya naye akampuuza. Msudani mmoja alimtafsiria mwenzake. Hakuna aliyecheka. Jeremiah alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, akitazama pembeni.

Zeinab alimwona mkurugenzi, na huruji ikafutwa kabla ya Ijumaa. Jeremiah alipewa likizo ya mwezi mmoja aende nyumbani na kurudi. Hakushukuru mtu.

Abu Nayif alipoisoma karatasi ya Alhamisi aliiweka simu yake chini.

"Umeandika dhidi ya duka langu," alisema.

"Nimeandika kilichotokea, bosi."

"Mkataba wako unaisha Mei. Hautaendelea. Kabla ya hapo utabadilisha mitutu yote sita, na ni wewe utakayeipeleka."

Nehemiah alifokewa siku mbili, kisha akarudi mezani kwake. Anaendelea na kazi hadi leo. Metrine hakumsalimia tena, na wakati mwingine, akimwona anapuliza chai yake, hasira ilimrudia nzima, kana kwamba barua ile bado iko mezani. Hasira hiyo hakujaribu kuituliza. Ile nyingine, ya maneno mawili aliyoyaandika kwa kidole chenye mafuta, ilikuwa haina pa kwenda. Alilala nayo na kuamka nayo.

Mitutu ya inchi nane ilifika mwishoni mwa Februari kwa mzigo wa haraka. Aliipima mmoja mmoja kwa ufito, akaenda nayo Jeddah na kuifunga mwenyewe. Alfajiri alizipiga bunduki zote sita kwa risasi za shaba mbele ya kingo ileile. Matundu yote yalikuwa ya duara, yamekaa pamoja. Zeinab alizikusanya karatasi na kuziweka kwenye faili.

Jeremiah alikuwa amerudi kazini siku tatu zilizopita. Alipiga wa mwisho. Alipiga kumi, akaenda kuangalia, akarudi, akapiga kumi nyingine. Metrine alimpa fomu ya kupokea. Safari hii aliiandaa ikiwa na nafasi ya sahihi ya mtumiaji juu, na ya fundi chini.

Jeremiah aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akamrudishia bila kuisaini.

"Leo ni nyuzi ishirini na moja," alisema. "Si baridi. Wanasema kesho itashuka. Nitapiga tena kesho."

"Ndege yangu ni saa saba mchana, kaka Jeremiah."

"Mimi sijakukataza kwenda."

Metrine alisikia maneno yakimjaa mdomoni, makali, na yote yalikuwa na haki yake: kwamba amepoteza kazi, kwamba amesema mbele ya watu, kwamba mtutu huu hauna kasoro na yeye anajua hauna. Aliikunja fomu na kuitia mfukoni. Kisha akatoa simu akabadilisha tiketi, akamwuliza dereva wa kituo kama anajua chumba cha bei nafuu Baghdadiyah, na akamwambia Jeremiah kwamba saa kumi na mbili na nusu atakuwa hapa.

"Kumi na mbili kamili," alisema Jeremiah. "Mbweha hawangoji."